Unatumia dawa zaidi ya moja za kushusha kinga? Fuata hatua hizi kujikinga na maambukizi

Maswali ni yale yale. Mtu ametoka kliniki na prednisoloni na azathioprini kwenye mfuko mmoja, anafika dirisha la dawa anauliza: "Hizi zote mbili nimeze pamoja, au nianze na moja nione?" Mwingine ameandikiwa Septrin (antibayotiki ya kotrimoksazoli) juu ya dawa zake za lupasi, anarudi amenuna, anaamini daktari kuna kitu anamficha, maana kwake yeye Septrin ni ya watu wenye VVU. Wa tatu ana homa tangu juzi na anataka "za mafua tu, dada, nina haraka". Huyo wa tatu ndiye amenifanya nikae chini niandike.

Mwongozo huu ni wako ikiwa umepandikizwa figo, au una lupasi, baridi yabisi ya viungo, ugonjwa wa figo unaovujisha protini, vidonda sugu vya utumbo mpana, au ugonjwa mwingine wowote ambao mwili unajishambulia wenyewe, na umeandikiwa dawa mbili au zaidi za kuutuliza. Ni wako pia kama unamuuguza mtu wa namna hiyo. Tangu Muhimbili ianze kupandikiza figo mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma mwaka 2018, wagonjwa hawa si lazima tena wawe wametoka India; wako mtaani kwetu, na duka la dawa la mtaani ndilo wanalolikimbilia usiku.

Jambo moja kabla hatujaanza: kuchanganya dawa hizi si kosa la daktari. Zinachanganywa makusudi, mara nyingi ili dozi ya steroidi (kundi la prednisoloni) ishuke, kwa sababu steroidi nyingi kwa muda mrefu huharibu mifupa, macho na sukari. Kwa hiyo usipunguze wala kuacha dawa yoyote kwa sababu ya niliyoandika hapa. Kazi yako ni kujilinda na maambukizi ukiwa kwenye dawa hizo zote. Kubadilisha dozi ni kazi ya aliyekuandikia.

Nadharia ni hii tu. Prednisoloni inazizuia seli nyeupe kufika haraka penye maambukizi, na juu ya hapo inaficha homa. Azathioprini, mikofenolati na methotreksati zinazuia seli mpya za kinga zisizaliane. Takrolimusi na siklosporini zinazilaza seli T, yaani seli nyeupe zinazoongoza mapambano ya kinga. Rituksimabu inafuta seli B, ambazo ndizo chanzo cha kingamwili, na athari yake hukaa miezi sita hadi mwaka baada ya dripu. Ukitumia moja, sehemu nyingine za kinga bado zinafanya kazi. Ukitumia mbili au tatu, vijidudu ambavyo mtu mwingine angevibeba maisha yake yote bila kujua vinapata nafasi: TB iliyolala, virusi vya homa ya ini B, minyoo ya zamani, fangasi wa mapafu.

Majina ya dawa nimeyaandika tunavyoyatamka. Kwenye pakiti herufi zitatofautiana kidogo, kwa hiyo soma ukiwa na pakiti mkononi.

Andaa vitu hivi kwanza

- Daftari dogo la kutembea nalo. Simu huzima chaji, daftari halizimi.
- Kipimajoto cha dijitali. Bei yake ni ndogo, na hakuna kifaa kitakachokusaidia zaidi ya hiki.
- Dawa zako zote: za hospitali, za dukani, za mitishamba, krimu na sindano ulizochomwa mwaka huu.
- Majibu ya vipimo vya zamani, hata yale ya karatasi iliyochakaa.
- Kadi yako ya chanjo, na kadi za watoto unaoishi nao.
- Namba ya simu ya kliniki yako, na jina la hospitali ya karibu inayofanya kazi saa 24.
- Chandarua kisicho na matundu, na viatu vya kuvaa nje hata unapokwenda chooni.

1. Tandaza dawa zote mezani, uandike orodha

Usiandike kwa kumbukumbu. Mwaga kila kitu juu ya meza au kanga, shika pakiti moja moja, andika jina, nguvu yake, unameza ngapi na saa ngapi. Halafu ongeza zile ambazo hazina pakiti: dripu ya rituksimabu uliyowekewa miezi minne iliyopita bado iko kazini, na saiklofosfamidi (nayo ni dawa ya kushusha kinga) ya mwezi jana vilevile. Watu wengi huorodhesha vidonge tu kisha wanaapa kwamba wanatumia dawa moja.

Sasa tafuta zilizojificha. Kwa maoni yangu dawa ya hatari kuliko zote ni ile isiyokuwa kwenye orodha, na kwetu hapa mara nyingi ni steroidi ya pili ambayo mtu hajui kuwa ni steroidi. Ziko wapi?

Ziko kwenye vidonge vya kuongeza hamu ya kula au kunenepa vinavyouzwa vimefungwa kwenye karatasi: mara nyingi humo kuna deksamethasoni. Ziko kwenye mkorogo na krimu za kung'arisha ngozi, zenye klobetasoli au betamethasoni. Ukijipaka mwili mzima kila siku, inapenya hadi kwenye damu. Ziko kwenye sindano ya goti au bega uliyochomwa mahali fulani "kuondoa maumivu". Na ziko kwenye baadhi ya dawa za asili za pumu na maumivu ya mgongo ambazo hufanya kazi kwa haraka isiyo ya kawaida. Dawa ya unga ikikuondolea maumivu ya miaka kumi kwa siku mbili, shuku kuna steroidi ndani.

Pampu ya pumu usiiache, lakini iandike.

2. Jumlisha steroidi zako

Hapa tupige hesabu kidogo. Prednisoloni miligramu 5 ni sawa na deksamethasoni miligramu 0.75, methilprednisoloni miligramu 4, au haidrokotisoni miligramu 20.

Chukua mama anayetumia prednisoloni miligramu 10 kila asubuhi pamoja na azathioprini. Amepungua mwili, shoga yake akamletea vidonge vya hamu ya kula. Kimoja kina deksamethasoni miligramu 0.5, anameza kutwa mara mbili. Hiyo ni miligramu 1 ya deksamethasoni kwa siku, karibu sawa na miligramu 7 za prednisoloni. Sasa anatumia karibu 17, wala si 10 tena. Daktari wake hajui, na mama mwenyewe hajui.

Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu kuna mistari ambayo madaktari huitazama. Prednisoloni miligramu 15 kwa siku kwa mwezi mmoja au zaidi ni mstari wa kufikiria TB iliyolala. Miligramu 20 kwa wiki nne au zaidi, hasa ikiwa kuna dawa ya pili ya kushusha kinga, ni mstari wa kufikiria kinga dhidi ya nimonia ya fangasi aitwaye Pneumocystis. Mama huyu amevuka mstari wa kwanza akiwa sebuleni kwake.

Sindano za viungo nazo zihesabu. Methilprednisoloni miligramu 80 kwenye goti ni sawa na miligramu 100 za prednisoloni, zikitoka kidogo kidogo.

3. Kagua jozi zisizokaa pamoja

Pitia orodha yako ukitafuta jozi hizi. Ukikuta mojawapo, piga simu kliniki leo. Usisubiri tarehe ya kurudi.

- *Methotreksati na Septrin ya dozi ya matibabu.* Zote mbili zinagusa foliki asidi. Seli za damu zinaweza kushuka ghafla, na watu wamepoteza maisha. Mara nyingi hutokea hivi: mgonjwa wa baridi yabisi anapata yutiai, anakwenda duka la dawa, anapewa Septrin. Fansidar, yaani SP ya malaria, nayo iogope vilevile.
- *Azathioprini na alopurinoli ya gauti.* Alopurinoli inazuia azathioprini isivunjwe, inarundikana, uboho unaacha kutengeneza seli. Daktari akilazimika kuzitumia pamoja hushusha azathioprini hadi kama robo ya dozi na kupima damu mara kwa mara. Febuksostati ni vilevile.
- *Takrolimusi au siklosporini na dawa za fangasi kama flukonazoli na ketokonazoli, au antibayotiki kama erithromisini na klarithromisini.* Kiwango cha dawa kwenye damu kinapanda, kinga inashuka kupita kiasi na figo zinaumia. Balungi na juisi yake hufanya hivyo hivyo, kwa hiyo liache kabisa.
- *Takrolimusi au siklosporini na rifampisini.* Hapa mambo yanageuka: kiwango kinaporomoka, na figo iliyopandikizwa inaweza kukataliwa. Rifampisini inapunguza hata nguvu ya prednisoloni. Ukianzishiwa dawa za TB, kliniki yako ya figo lazima ijue siku hiyo hiyo.
- *Steroidi na dawa za VVU zenye ritonaviri au kobisistati.* Hata pampu ya pumu yenye flutikasoni au sindano ya triamsinoloni inaweza kugeuka kuwa steroidi nzito mwilini.
- *Dawa mbili za kibayolojia kwa wakati mmoja.* Hizi ni zile za sindano au dripu zinazolenga sehemu moja ya kinga, kama rituksimabu. Zilishajaribiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu etanesepti pamoja na anakinra kwa wagonjwa wa baridi yabisi ulionyesha maambukizi makubwa yameongezeka bila faida ya ziada. Ukihamishwa kutoka moja kwenda nyingine, uliza ya kwanza inaisha lini mwilini.

Onyo kuhusu methotreksati: kwa magonjwa ya viungo na ngozi inamezwa mara MOJA kwa wiki. Andika siku kwenye boksi kwa kalamu nzito, "JUMAPILI TU". Kuimeza kila siku ni kosa linaloua, na mara nyingi linaanzia kwa mtu wa nyumbani anayemsaidia mzee kupanga dawa.

Na zile chupa za "kuongeza kinga"? Fikiri kidogo. Daktari anaishusha kinga kwa sababu ndiyo inayokushambulia. Pesa hiyo nunua kipimajoto.

4. Hakikisha umepimwa vitu vinne

Vipimo hivi vinatakiwa kabla ya kuanza dawa. Kama ulishaanza bila kupimwa, bado omba. Hujachelewa kiasi cha kukata tamaa.

*TB.* Maswali ya dalili, picha ya kifua, na kipimo cha ngozi au cha damu. Ujue kwamba ukiwa tayari kwenye steroidi nyingi, kipimo cha ngozi kinaweza kutoka hasi wakati TB iliyolala ipo. Mwambie daktari kama uliwahi kuishi na mtu mwenye TB, hata miaka mingi iliyopita. Hili ni la lazima zaidi kabla ya dawa za kibayolojia kama infliksimabu, adalimumabu na ndugu zao.

*Homa ya ini B.* Kuna vipimo viwili, si kimoja. Cha kwanza kinaonyesha kama virusi vipo sasa (HBsAg). Cha pili kinaonyesha kama uliwahi kukutana navyo (anti-HBc). Vituo vingi hufanya cha kwanza peke yake. Kwa anayekwenda kuwekewa rituksimabu cha pili ni cha lazima, kwa sababu virusi vilivyolala vinaweza kuamka na kuliua ini. Vikipatikana unapewa dawa ya kuvizuia, kwa kawaida tenofoviri au entekaviri, na unaendelea nayo hata baada ya dripu kwisha.

*VVU.* Majibu yanabadilisha uchaguzi wa dawa na ulinzi wote.

*Minyoo ya Strongyloides.* Hawa nitawakalia kidogo, kwa sababu karibu hakuna anayewaulizia. Wanaingia kupitia ngozi ya mguu unapotembea peku kwenye udongo wenye kinyesi, na tofauti na minyoo wengine wanajizalisha ndani ya mtu, kwa hiyo mtu aliyelima peku utotoni anaweza kuwa nao bado akiwa na miaka sitini, anaishi ghorofani Ulaya au Marekani. Ukimpa steroidi nyingi, mabuu wanazagaa mwili mzima wakibeba bakteria wa utumbo hadi kwenye damu, mapafu na ubongo. Dawa yao ni ivermektini. Albendazoli ile ya kampeni za shule ni dhaifu kwao. Kipimo cha choo cha mara moja hukosa wengi, hivyo madaktari wengi huamua kutibu tu kabla ya kuanza steroidi nzito. Ila kama umetoka misitu ya Kongo au Afrika ya Kati penye Loa loa, yule mnyoo anayeonekana akipita jichoni, sema kabla ya kumeza ivermektini, kwa sababu wadudu hao wakiwa wengi kwenye damu dawa inaweza kudhuru ubongo.

5. Panga chanjo

Kanuni ni fupi: chanjo hai (zenye kijidudu hai kilichodhoofishwa) hapana, chanjo zisizo hai ndiyo.

Hai ni homa ya manjano, surua na rubela, tetekuwanga, BCG na matone ya polio. Kama unahitaji mojawapo, inatakiwa angalau wiki 4 kabla ya kuanza dawa. Baada ya kuacha steroidi za dozi kubwa unasubiri angalau mwezi mmoja, na kwa dawa nyingine miezi kadhaa; utaambiwa kulingana na dawa.

Zisizo hai ni nimonia ya nyumokoki, mafua ya influenza, homa ya ini B, pepopunda, HPV, Uviko-19 na kichaa cha mbwa. Kama unasubiri rituksimabu, chanjwa mapema, kama wiki 4 kabla. Ukichanjwa baada yake, mwili hauna seli za kujibu, na chanjo inapotea bure kwa takriban miezi sita.

Watoto wa nyumbani wachanjwe kama kawaida. Tena ndio ngao yako. Mtoto akipewa matone ya polio au ya rota, mtu mwingine ambadilishe nepi kwa wiki kadhaa. Usipokuwa na wa kukusaidia, nawa mikono kwa sabuni kila mara.

6. Meza dawa za kinga bila aibu

Septrin uliyoandikiwa ni ya kuzuia Pneumocystis. Dozi ya kinga kwa kawaida ni miligramu 480 kila siku, au 960 mara tatu kwa wiki. Haina maana una VVU. Kama unaogopa macho ya watu, hamishia vidonge kwenye kopo lako mwenyewe lenye lebo, lakini usiviache.

Acha mara moja na uende hospitali ukiona upele unaoenea, malengelenge, au vidonda mdomoni na machoni. Septrin ina salfa, kwa hiyo kama salfa inakudhuru tangu zamani, sema mapema. Dawa mbadala, dapsoni, inataka kwanza upimwe G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu, na upungufu wake si haba kwa watu wa Pwani.

Ukigundulika na TB iliyolala utapewa isoniazidi kwa miezi sita, au isoniazidi na rifapentini mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Hiyo ya pili ina tabia ya rifampisini, kwa hiyo waliopandikizwa figo wasiianze kimya kimya. Isoniazidi na methotreksati zote zinaweza kuliumiza ini. Pombe weka pembeni.

7. Damu ipimwe kwa ratiba, si kwa hisia

Unaweza kujisikia mzima kabisa na seli nyeupe zimekwisha. Ratiba inayotumika sana kwa azathioprini, methotreksati na mikofenolati kwa wagonjwa wa viungo ni kila wiki mbili mpaka dozi itulie kwa wiki sita, kisha kila mwezi kwa miezi mitatu, kisha kila wiki 12. Ukiongezewa dozi, unarudi mwanzo. Takrolimusi ina kipimo chake cha kiwango kwenye damu, kinachochukuliwa asubuhi KABLA ya kumeza dozi. Ukimeza kwanza, majibu hayana maana.

Kwenye karatasi ya picha kamili ya damu angalia namba mbili. Seli nyeupe zikiwa chini ya 3.5, au nyutrofili (seli nyeupe zinazopambana na bakteria) chini ya 1.6, piga simu. Linganisha pia na majibu ya mara iliyopita: kushuka kutoka 9 hadi 4.5 ni habari, hata kama maabara haijaweka alama.

8. Nyumbani

Maziwa yachemshwe, na mtindi au mala viwe vya maziwa yaliyochemshwa. Bruselosi na TB ya ng'ombe hupita humo. Maji ya kunywa yachemshwe au yatibiwe. Nyama iive hadi katikati, mayai yaive. Kachumbari ya nyumbani iliyooshwa kwa maji safi haina neno, ya barabarani iache. Vaa viatu shambani. Lala ndani ya chandarua kila usiku, hata kiangazi. Glavu unapofagia banda la kuku au kugusa mbolea.

Msiba na harusi utakwenda, hatuishi kisiwani. Kaa penye hewa, vaa barakoa penye msongamano, na mtu anayekohoa wiki ya tatu usilale naye chumba kimoja mpaka apimwe.

9. Homa ikija

Hii ndiyo hatua ambayo watu hupoteza muda. Joto la nyuzi 38 au zaidi ni dharura ya siku hiyo hiyo, na usiku huo huo kama imekuja usiku. Lakini kwa kuwa steroidi inaficha homa, 37.6 pamoja na kutetemeka, kuchanganyikiwa, kupumua haraka au kuishiwa nguvu ghafla ichukulie sawa na 38.

Fanya kwa mpangilio huu:

a) Pima joto kabla ya kumeza Panadol. Andika namba na saa.

b) Usianze antibayotiki iliyobaki kabatini.

c) Piga simu kliniki. Usieleze historia ndefu, sema hivi: "Shikamoo daktari. Naongea kwa niaba ya mama, amepandikizwa figo, anatumia takrolimusi, mikofenolati na prednisoloni. Joto 38.4 tangu saa tatu usiku, anatetemeka, hajanywa Panadol. Tuje huko, au twende hospitali ya karibu?"

d) Isipopokelewa, nenda. Beba daftari na dawa zenyewe.

e) Mapokezi, maneno ya kwanza yawe: "Natumia dawa za kushusha kinga, nina homa." Usikae benchi ukisubiri kuulizwa.

f) Omba kipimo cha malaria, picha kamili ya damu, mkojo, picha ya kifua, na damu ya kuotesha vijidudu ichukuliwe kabla ya antibayotiki kama hospitali ina uwezo.

Kosa kubwa ni kuishia kwenye malaria. Kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kusoma chanya kwa wiki kadhaa baada ya malaria kupona, na mtu anaweza kuwa na malaria na nimonia kwa pamoja. Ukipewa dawa ya mseto na homa ikabaki, rudi, usiongeze dozi ya pili mwenyewe.

Kosa la pili ni kuacha dawa zote kwa hofu. Azathioprini, methotreksati na za kibayolojia daktari anaweza kuzisimamisha wakati wa maambukizi makali. Muulize kwenye simu ile ile. Prednisoloni uliyotumia zaidi ya wiki tatu HAISIMAMISHWI ghafla, kwa sababu tezi zako za adrenali, zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, zimelala na mwili mgonjwa unaihitaji zaidi. Ukiitapika, nenda hospitali upewe kwa sindano. Na aliyepandikizwa figo haachi kitu bila timu yake kusema.

Mambo yakienda kombo

*Utando mweupe mdomoni, kumeza kunauma.* Ni fangasi, kwa uwezekano mkubwa. Kama unatumia takrolimusi au siklosporini usijinunulie flukonazoli. Nistatini ya kusukutua ni salama zaidi kuanza nayo. Vidonda mdomoni kwa mtumiaji wa methotreksati ni suala jingine: pima damu leo.

*Malengelenge upande mmoja wa mbavu au uso, yanachoma.* Mkanda wa jeshi. Asikloviri ianze ndani ya saa 72. Ukiwa usoni karibu na jicho, au umetapakaa sehemu zaidi ya moja, ni hospitali.

*Mtoto wa nyumbani ana tetekuwanga au surua na mimi sikuwahi kuugua.* Usingoje upele. Piga simu siku hiyo hiyo, kuna kinga ya muda inayoweza kutolewa, na siku zikipita haisaidii.

*Kikohozi kikavu, naishiwa pumzi nikipanda ngazi, kifua kinasikika safi.* Hivi ndivyo Pneumocystis anavyokuja, polepole. Taja kama uliacha Septrin. Omba wapime oksijeni kwa kidole ukiwa umekaa, kisha baada ya kutembea.

*Natoka jasho usiku, nakonda.* TB mpaka ithibitishwe siyo. TB kwa watu hawa hupenda kukaa nje ya mapafu, kwenye tezi, uti wa mgongo au tumboni, kwa hiyo makohozi safi hayamalizi mjadala.

*Goti linauma, nataka diklofenaki.* Hapana, kama unatumia takrolimusi, siklosporini au methotreksati, au figo zako zina tatizo. Parasetamoli, baada ya kupima joto.

*Dawa moja imeadimika dukani.* Usizibe pengo kwa kuongeza nyingine. Piga simu kliniki zikiwa zimebaki za wiki moja, siyo kidonge cha mwisho.

*Nang'olewa jino.* Mwonyeshe daktari wa meno daftari kabla hajachoma ganzi. Mara nyingi utahitaji picha ya damu ya karibuni.

*Nakwenda Hija au Umra.* Chanjo ya uti wa mgongo inayotakiwa Saudia siyo hai, chanjwa. Kuhusu homa ya manjano, omba barua ya daktari ya kusamehewa na ijazwe kwenye kadi ya kimataifa. Uliza ubalozi mapema kama wataipokea. Barakoa kwenye msongamano, dawa zote kwenye begi la mkononi, na maziwa ya ngamia ambayo hayajachemshwa uyakatae hata ukikirimiwa na mwenyeji mwenyewe.

*Nina ujauzito, au natarajia.* Mikofenolati na methotreksati zinadhuru mimba. Zungumza na daktari kabla ya kushika mimba, na kama imeshaingia piga simu leo. Ukiwa kwenye Septrin, usimeze SP (dawa ya kuzuia malaria) ya kliniki ya wajawazito. Waonyeshe daftari, nao wataandika kwenye kadi.